Samaki, Arusi na Mechi ya Mia Nne na Kumi na Nne

Jumatatu, Machi 3

Yametimia! Fisi Maji, timu yetu ya hoki ya barafu, wamemaliza ligi nafasi ya nne. Ya nne! Maana yake mchujo unachezewa hapa hapa Torvik, kwenye barafu yetu, dhidi ya Bundi wa Chuo cha Eastlund. Ijumaa na Jumamosi. Miaka ishirini na miwili tumelisubiri jambo hili. Nilipiga ukelele jikoni, Marlys akadondosha kijiko.

Marlys ni mke wangu. Hakushangilia. Alifuta sakafu, akaniuliza kama nimetazama kalenda. Nikasema nimeitazama: Ijumaa mechi, Jumamosi mechi. Akauliza, na Jumapili? Nikasema Jumapili hakuna kitu, labda timu zikitoka sare ya mechi moja moja, hapo ndipo kunakuwa na mechi ya tatu ya kuamua.

Akaigonga kalenda kwa kijiko.

Jumapili Britta anaolewa.

Britta ni binti yangu wa pekee, na tarehe aliichagua yeye, mwaka jana, kwa akili kabisa. Ukumbi wa kanisa Jumamosi ulikuwa umeshachukuliwa na akina mama wanaoshona mashuka ya viraka. Akaniuliza kama Jumapili ya tarehe tisa Machi inanifaa. Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia, mwanangu, Fisi Maji kucheza nyumbani mwezi Machi? Oleweni tu! Nilisema hivyo mbele ya mashahidi.

Sasa mambo mawili yanisaidie kufikiri. La kwanza: mimi, Orrin Kvale, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, nimehudhuria mechi za nyumbani mia nne na kumi na moja mfululizo. La pili: Verlyn Haugdahl naye amehudhuria mia nne na kumi na moja. Tuna siti jirani. Mwaka 2002 tulikosa mechi moja, ile ile, kwa sababu tulikwama kwenye theluji ndani ya gari moja. Lake.

Na Verlyn ndiye baba wa bwana arusi.

Majina yetu yapo sambamba kileleni mwa Ubao wa Waaminifu, pale mlango B wa uwanja; ukikosa mechi moja ya nyumbani unarudi sifuri. Wa tatu ni Mchungaji Tufte, mechi mia tatu tisini na nane, lakini huyo hukaa nyuma ya nguzo na kofia yake ya sufi na hana mashindano na mtu.

Jumatano, Machi 5

Nimempigia simu Britta. Kwa upole sana nikauliza kama arusi ya saa mbili asubuhi haipendezi. Mwanga mzuri wa picha. Akaniuliza kama naumwa.

Nikajaribu tena baada ya chakula cha mchana. Nikasema nimesoma mahali kwamba arusi za Jumatatu ndizo zinazodumu. Akaniuliza nimesoma wapi. Akasema, "Baba, ukinipigia tena leo kuhusu tarehe, Verlyn ndiye atanisindikiza mpaka madhabahuni." Anajua pa kuchoma, huyu mtoto. Kamrithi mama yake.

Jioni nikakutana na Verlyn dukani, kwenye rafu ya chumvi ya kuyeyushia barafu. Tukasalimiana kama wakwe. Akaniuliza kama nina wasiwasi na Jumapili. Nikasema wasiwasi wa nini, tutawafunga Bundi mara mbili, mambo yatakwisha Jumamosi. Akasema naye anaona hivyo hivyo. Tulikuwa tunatabasamu wote wawili. Sikumwamini hata kidogo. Mtu asiye na wasiwasi hanunui chumvi magunia matatu.

Ijumaa, Machi 7

MANNE KWA MOJA! Sauti imenikauka. Bendi ya wanafunzi ilipiga mpaka tarumbeta moja ikaganda. Mia nne na kumi na mbili! Bi Delores, bawabu wetu, alitoboa kadi yangu ya mahudhurio mlangoni kwa koleo lake kama kawaida. Sheria yake ni moja tu: uwe umefika mwenyewe kabla kisahani cha mchezo hakijadondoshwa katikati ya barafu. Kikishagusa barafu, koleo linaingia mfukoni, hata uwe gavana.

Bao letu la kwanza lilipoingia Verlyn akarusha samaki. Kila mechi ya nyumbani ni lazima samaki arushwe barafuni kwa bao la kwanza, na mimi na Verlyn tunapokezana tangu enzi na enzi. Leo ilikuwa zamu yake. Sipendi kumsifu, lakini alirusha vizuri. Samaki aliteleza mpaka kwenye mstari wa buluu, wanafunzi wakaimba. Verlyn akainama kuwashukuru kama mwimbaji wa opera. Kujishaua kule!

Mwamuzi akatangaza onyo la kawaida: samaki arushwe wakati mchezo umesimama tu, la sivyo timu ya nyumbani itaadhibiwa dakika mbili. Tunalijua hilo. Watoto wa chekechea wa mji huu wanalijua hilo.

Kesho zamu yangu. Nimeshamchagua. Mnene, wa ziwani, nilimvua mwenyewe Februari kwenye tundu la barafu. Kesho tunashinda, Jumapili namsindikiza binti yangu nikiwa mtu huru.

Jumamosi, Machi 8

Sijui nianzie wapi.

Mchana mazoezi ya arusi. Nels, bwana arusi, kijana mpole ambaye hajawahi kunikosea isipokuwa kwa kuzaliwa na Verlyn, alisimama mahali pake vizuri. Mimi nikajifunza kutembea na Britta. Alinishika mkono kwa nguvu, vidole vya baridi. Nikaambiwa natembea haraka mno. Nikatembea polepole. Nikaambiwa sasa natembea kama mtu anayeenda kuhukumiwa.

Wakati wa sala nikawa natazama marudio ya mabao ya jana kwenye simu, chini ya kitabu cha nyimbo. Tarumbeta zikalia. Marlys akaichukua simu, akaizima, akaitia kwenye mkoba wake, akaufunga mkoba. Nimeambiwa nitaipata baada ya fungate. Sikuuliza fungate ya nani.

Kisha Mchungaji Tufte akatuita mimi na Verlyn kando. Mtu mwema sana. Alisema Bibi arusi amemwendea ana hofu. Kwamba ikitokea mechi ya tatu, itaanza Jumapili saa kumi na moja na dakika saba jioni, katikati kabisa ya karamu, na kwamba dansi ya baba na binti ni saa kumi na moja kamili. Akatutaka tushikane mikono na kuapa kwamba hakuna atakayetoka. Wote tukikosa, akasema, hakuna atakayempita mwenzake. Akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa yamelegea kwa huruma, kwamba kuna mambo makubwa kuliko ubao.

Tukaapa. Verlyn aliniponda vidole.

Nilijisemea kiapo hakina gharama, kwa kuwa usiku huu tunashinda na mechi ya tatu haitakuwepo.

Basi. Samaki.

Nilimtia ndani ya koti tangu alasiri ili walinzi wasimwone. Garini alikuwa ameganda. Kanisani akayeyuka kidogo. Garini tena akaganda, safari hii pamoja na bitana ya koti langu. Dakika ya nne Fisi Maji wakafunga! Uwanja ukalipuka! Nikafungua zipu, nikamshika mkia, nikavuta. Hatoki. Nikavuta tena. Hatoki! Watu wananigeukia, wanapiga makofi, samaki, samaki, samaki! Verlyn akaniambia nivue koti. Nikamwambia aniache, najua ninachofanya. Nikaweka mguu kwenye siti ya mbele nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Mchezo ulikuwa umeshaanza tena.

Alitoka. Alitoka na kipande cha bitana. Akaruka juu ya kioo cha uzio kama ndege, akatua mbele ya viatu vya barafu vya mwamuzi.

Adhabu, dakika mbili. Fisi Maji wakacheza pungufu ya mtu mmoja. Bundi wakasawazisha.

Nikakaa chini. Nikajifanya natafuta kitu chini ya siti kwa muda mrefu. Kipindi cha tatu Verlyn akainama sikioni mwangu, akasema, "Mkwe, mlinzi wa goli letu amezuia thelathini. Wewe umefunga moja."

Muda wa nyongeza. Tukafungwa. Mbili kwa moja.

Sare ya mechi moja moja. Kesho kuna mechi ya tatu, na mtu aliyeisababisha ni mimi, baba wa bibi arusi. Verlyn peke yake ndiye anayejua ni nani aliyerusha. Kwenye maegesho aliniambia nisitie shaka, siri yangu iko salama kwake, mkwe kwa mkwe. Alisema hivyo akitabasamu. Nimekwisha.

Jumapili, Machi 9. Asubuhi

Mpango.

Kiapo kilisema hatutatoka kwenye karamu. Hakikusema kwamba kadi haiwezi kutobolewa mapema. Nimetafakari hili nikiwa nanyoa ndevu, na naona liko sawa kabisa mbele ya Mungu. Nitampelekea Bi Delores mkate wa iliki wa Marlys, ulio moto, na kumwomba anitobolee kadi mchana huu. Dakika kumi. Kanisani natakiwa saa saba mchana kwa picha, arusi saa nane. Muda upo tele.

Marlys ametangulia na Britta kwenda kutengenezwa nywele. Amesema nisichelewe. Nimchelewee nani?

Jumapili, baadaye

Niandike haya kwa utaratibu.

Nilifika uwanjani. Saa ya gari ilisema saa sita na dakika arobaini. Sasa, saa ya gari langu sijawahi kuigusa. Kuanzia Machi mpaka Novemba inasema kweli. Majira ya baridi, saa za nchi nzima zikirudishwa nyuma, yenyewe inabaki mbele kwa saa moja, nami naipunguzia kichwani. Mazoea ya miaka kumi na nne. Nikapunguza: saa tano na dakika arobaini. Safi.

Bi Delores alikuwepo, anapanga viti vya ukumbini. Alinusa mkate. Akasema ni mkate mzuri. Akasema hapana. Akasema Verlyn alikuwepo saa nne asubuhi na samaki wa moshi, naye aliambiwa hapana, na samaki wameshaliwa. Mnafiki yule! Nilichukia kutoka rohoni. Mtu kaapa mbele ya mchungaji, halafu anakwenda kuhonga kabla yangu!

Nikakaa na wanafunzi waliopanga foleni nje. Wanajua hoki, wale vijana. Wananipa heshima yangu. Mmoja alitaka kujua ni mjinga gani aliyerusha samaki jana. Nikasema watu wengine hawana adabu. Wakanipa soseji. Nikala mbili. Nikawaeleza fainali ya mwaka 1987, vipindi vyote vitatu.

Nikarudi garini. Saa saba na nusu. Nikapunguza: saa sita na nusu. Nikaendesha taratibu, napiga mluzi. Nyumbani nikavaa suti, na ndani yake jezi ya Fisi Maji, kwa ajili ya baraka. Nikaingia jikoni kunywa maji. Saa ya ukutani: saa nane kasoro dakika nane.

Nikacheka. Nikafikiri Marlys kakosea kuirekebisha.

Halafu nikakumbuka KWA NINI aliirekebisha. Jana jioni, juu ya kiti, mbele ya macho yangu. Jumapili ya pili ya Machi! Saa zote za nchi zinasogezwa mbele kwa saa moja. Saa ya gari langu imeanza kusema kweli alfajiri ya leo, na mimi nimeipunguza.

Sijawahi kuendesha gari namna ile kwenye barafu. Niliingia maegesho ya kanisa ubavu ubavu. Nikakimbia. Mlango wa kanisa uko wazi, kinanda kinapiga wimbo wa kumwingiza bibi arusi kwa mara ya tatu, na pale kizingitini amesimama Britta wangu, mweupe kama nini sijui, mzuri mpaka nikasahau kupumua. Na Verlyn Haugdahl amekunja kiwiko, ananyoosha mkono wake amchukue.

Nikapaza sauti, "Mwache huyo! Huyo ni wangu!"

Kanisa zima liligeuka. Kinanda kikanyamaza.

Verlyn alisema alikuwa anasaidia tu. Britta aliufunga mkono wake kwenye mkono wangu, akatazama mbele. Tulipofika katikati akaniambia, midomo haichezi, "Baba, unanuka soseji." Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema anajua.

Lakini alipofika mbele, kabla hajaniachia, alinifunga kifungo cha juu cha shati. Jezi ilikuwa inaonekana. Niliona haya. Niliona haya kweli.

Wakaoana. Nels alitamka maneno yake bila kukosea. Marlys alilia, Ardis mke wa Verlyn alilia, mimi na Verlyn tulikuwa tunatazamana kwenye kona za macho.

Jumapili, jioni

Karamu ukumbi wa chini ya kanisa. Vyungu vitano vya viazi na nyama ya kusaga, nyama ya nguruwe, samaki wa siki, kahawa ya kumwogesha farasi, na bakuli kubwa la jeli nyekundu yenye vipande vya ndizi, ambalo shangazi wa Ardis huleta kila arusi na kila msiba, na ambalo mtu haligusi.

Saa kumi. Nikamwona Verlyn anatoka nje na kurudi, theluji mabegani. Akatundika koti lake. Uso wa mtu aliyemaliza kazi. Nikajua: amelipasha moto gari. Anataka kutoroka!

Hapana, bwana. Sitakubali. Hayo yalikuwa mawazo yangu. Nikapita karibu na makoti kama mtu anayetafuta choo. Mkono mfukoni mwake. Funguo hizo hapo. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Marlys anakuja! Nikazididimiza funguo kwenye jeli, zikashuka mpaka chini, jeli ikajifunga juu yake. Nikachukua kijiko nikaisawazisha. Marlys akauliza tangu lini nakula jeli. Nikasema arusi ni arusi.

Mwenyewe nilikuwa na hesabu yangu. Saa kumi na nusu natoka. Robo saa baadaye niko kwa Bi Delores. Foleni robo saa, kadi inatobolewa. Kisahani hakijadondoka nimeshageuza gari. Saa kumi na moja na robo niko ukumbini nacheza dansi, nimechelewa robo saa tu, na nani hupima dansi kwa saa? Mimi mia nne na kumi na nne, Verlyn mia nne na kumi na tatu. Peke yangu kileleni! Kiapo? Verlyn ndiye aliyekivunja kwanza kwa samaki wa moshi. Kiapo kilichovunjwa na mmoja hakiwezi kubaki kizima kwa mwingine.

Saa kumi na nusu nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Gari langu liko pale pale nilipoliacha, pua yake kwenye ukuta wa theluji. Na nyuma yake, bampa kwa bampa, hata kadi ya posta haipiti, gari la Verlyn.

Nililizunguka mara mbili. Halikuwa limepashwa moto. Lilikuwa limesogezwa.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Verlyn. Anajipapasa mifuko: ya suruali, ya koti, ya suruali tena. Akaniona. Tukasimama.

Nikamwambia alitoe gari lake. Akasema hana funguo. Nikasema nitalisukuma. Akasema nitasukuma gari lenye breki ya mkono na magunia matatu ya chumvi nyuma kwa ajili ya uzito? Akauliza kama ni mimi niliyezichukua. Nikamuuliza kama ni yeye aliyenizibia njia. Halafu akasema ndiyo, na mimi nikasema ndiyo.

"Ziko wapi, Orrin?"

"Kwenye jeli."

"Jeli ipi?"

"Zipo ngapi, Verlyn?"

Tukakimbia ndani kama vijana. Meza ipo, bakuli halipo. Ardis akasema shangazi kaondoka na bakuli lake dakika ishirini zilizopita, kafurahi kupita kiasi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amechota. Anaishi mwendo wa saa mbili kwa gari, na hana simu ya mkononi.

Nikamtafuta Mchungaji Tufte atupe lifti. Hayupo. Nusu ya wageni hawapo! Wanaume wote wenye magari wameyeyuka mmoja mmoja. Waliobaki ni mabibi, watoto na bendi.

Tukarudi nje. Kilomita sita. Tukaanza kutembea. Viatu vya arusi kwenye barafu. Tulifika mwisho wa maegesho, Verlyn akaanguka, nikamwinua, nikaanguka, akaniinua. Akaniambia siwezi hata kuiba funguo kama watu. Nikamwambia yeye hajui hata kuhonga.

Ndipo nikasikia naitwa. Britta alikuwa mlangoni, gauni kalikunja mkono mmoja, mabuti ya theluji miguuni. Alikuja mpaka tulipokuwa. Akatutazama, wazee wawili wamesimama kwenye theluji wameshikana ili wasianguke. Akatazama magari yetu yote mawili, yamezimwa, hayajaenda popote. Saa kumi na moja kasoro dakika tatu.

Macho yakamjaa. Akasema, "Hamkwenda."

Verlyn akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Nilimwambia Nels hutakwenda," akasema. "Akasema simjui baba yangu. Nikasema namjua."

Nikasema ndiyo, mwanangu, nipo.

Tukacheza. Mimi si mchezaji, nilikuwa nahesabu hatua. Saa kumi na moja na dakika saba macho yakaenda ukutani yenyewe, na nikajua kwamba wakati ule ule kisahani kimegusa barafu, koleo la Bi Delores limeingia mfukoni, na miaka ishirini na tatu imekwisha. Nilihisi kama jino limeng'olewa. Britta akaegemeza kichwa. Akaniambia sikioni anajua samaki alikuwa wangu. Akasema uwanja mzima unajua, ilionyeshwa kwenye televisheni, mguu juu ya siti na kila kitu, na Marlys amehifadhi picha. Akasema alikasirika usiku mzima, akalia. Halafu akasema, "Lakini leo umebaki. Basi."

Nikalia. Nakubali, nililia mbele ya watu, kwa sababu sikubaki. Nilizibwa. Nilitaka kumwambia ukweli. Alikuwa na furaha mno. Nikaendelea kuhesabu hatua.

Kule mbele Verlyn alikuwa anacheza na Ardis, naye analia. Ardis alikuwa anambusu kipara na kumwita shujaa.

Tulishinda mbili kwa moja. Nimesikia kwenye redio ya jikoni, nikiwa nafuta masufuria. Ushindi wa kwanza wa mchujo ndani ya miaka ishirini na miwili. Sikuwepo.

Jumatatu, Machi 10

Nimelala mpaka saa nne. Marlys ameniletea kahawa kitandani. Kahawa kitandani! Akasema hakuwahi kudhani atanipenda zaidi akiwa na miaka sitini. Nikanywa. Ilikuwa chungu mpaka mwisho wa kikombe.

Nimeamua. Sitakuwa mtu wa njama tena. Ubao ni mbao tu na rangi. Binti yangu aliegemeza kichwa begani mwangu, na kama ningefika mlango B nisingekuwa nayo hiyo leo. Nitakwenda mechini kama watu wengine, nikipata nafasi. Nitamwomba radhi Verlyn, nitamsaidia kulivuta gari lake. Pengine siku moja nitamweleza Britta ukweli. Najisikia mwepesi kabisa.

Jumanne, Machi 11

Nimepita mlango B. Kupita tu.

Bi Delores amebadilisha ubao. Orrin Kvale: sifuri. Verlyn Haugdahl: sifuri. Tumeshushwa chini kabisa, baada ya daktari mmoja wa meno anayesinzia mechini. Na kileleni, peke yake, kwa rangi mbichi:

MCHUNGAJI TUFTE, MECHI 401.

Nilisoma mara tatu. Mia nne na moja! Bi Delores akaniambia Jumapili mchungaji alifika wa kwanza kabisa kati ya wenye kadi, saa kumi na nusu, kola yake shingoni, mchuzi wa arusi kidevuni. Amesema alikuwa anaimba.

Mtu aliyetushika mikono! Macho yamelegea kwa huruma! Kuna mambo makubwa kuliko ubao!

Nikaenda moja kwa moja kwa Verlyn. Alikuwa na habari. Alikuwa amekaa gizani gereji. Tukakubaliana kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2002. Tumechora kwenye karatasi. Mchungaji ni lazima akose mechi moja, moja tu, na mchungaji haachi hoki ila kwa kazi ya kanisa isiyoweza kufanywa na mtu mwingine. Mazishi hayapangiki. Arusi tumeshaimaliza. Kimebaki kimoja.

Ubatizo! Mtoto wa kwanza wa Britta na Nels, mjukuu wetu sote. Tumehesabu miezi. Wakijitahidi sasa hivi, mtoto atazaliwa Desemba, na ubatizo utaangukia Jumamosi ile ya Januari ambayo Bundi wanakuja Torvik. Saa moja kamili jioni, kisahani kinadondoka uwanjani, Mchungaji Tufte yuko kanisani ameshika mtoto! Atarudi sifuri. Sisi tutakuwa tumeshaanza upya tangu Oktoba, tunapanda, hakuna wa kutuzuia. Tumeupitia mpango mara nne na hatukuona tundu hata moja. Verlyn alinikumbatia.

Marlys amenirudishia simu yangu mapema. Nimempigia Britta huko huko fungate, nikamweleza tarehe ya ubatizo. Ikakatika.

Mtandao wa huko mbovu. Nitapiga tena baada ya chakula.